Maneno Ambayo Mhubiri Hakuyasema

Akoth,

Sikuulizi hali. Nakuona kutoka hapa kibarazani, unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena, kama mtu anayetafuta sababu ya kutokwenda. U mzima kabisa.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakueleza yote, na kesho atayarudia pale stendi ya Migori kwa sauti, ili hata makanga ajue kwamba usinunuliwe soda na mtu usiyemjua. Boke akishika jambo halimponyoki. Mimi nina jambo moja tu, na si zuri, na ningekuambia kwa mdomo kama ningekuwa na mdomo wa kuaminika. Sina. Kila nikianza kusema kitu cha maana, mzaha unatangulia kama mbuzi aliyeona shamba la jirani. Nyote mnacheka, na mimi nacheka, na kitu chenyewe kinabaki pale pale. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii uisome kabla hujafika Homa Bay. Ukishafika utakuwa umechelewa.

Jana alasiri nilikuwa nyuma ya jiko, naziba pancha ya baiskeli ya mwalimu. Wewe na binamu zako mlikuwa ndani mnachambua mboga. Mmoja akakuuliza utakaa wapi huko kwenye kazi.

"Kwa mama mkubwa Dorka," ukamjibu. Halafu ukangoja kidogo. "Lakini nitalalaje? Usiku si kuna anayefunguliwa?"

Mlicheka mpaka sufuria ikaanguka. Ulisema vizuri, sikufichi. Ulingoja pale pa kungojea, ukashusha sauti pale pa kushusha. Hiyo ngoja-kidogo ni yangu. Nilikurithisha pua hii, Mungu anisamehe, na nilikurithisha hiyo pia. Nikabaki na kiraka mkononi mpaka gundi ikakauka.

Msemo huo mliukuta hapa kijijini kama mlivyokuta ziwa. Mwanamke akichelewa kuamka, kuna anayefunguliwa. Mjane akinunua leso mpya, kuna anayefunguliwa. Hata watoto wadogo wanausema wakicheza, hawajui ni nini kinafunguliwa. Ukiwauliza wazee umetoka wapi, watakuambia umetoka kwa mhubiri mmoja aliyekuja zamani, mtu wa Mungu, aliyeoneshwa siri za mama mkubwa wako katika roho.

Yule mhubiri hakuoneshwa kitu. Aliyesema ni mimi.

Usikasirike mapema, nianzie mbali kidogo. Unajua nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akachoka kabla yangu. Kiswahili nilikiokota juu ya malori, nikiwa utingo kati ya Musoma na Kisumu, na nusu ya maneno niliyookota hayasemeki mbele ya mama yako. Niliporudi nyumbani na mke Mkuria, nikakuta kanisa letu lina shida. Wahubiri wa kutoka mbali walikuja na Kiswahili chao safi, na wazee wetu walijua Kijaluo na kusinzia. Pakaulizwa nani anaweza kutafsiri. Watu wakanigeukia. Sikuwa nimeokoka sana, lakini nilikuwa na sauti.

Kumbe nina kipaji. Mhubiri akitoa neno la baridi, mimi nalipasha moto kabla halijawafikia watu. Akisema, "Ndugu, tusiwe wavivu," mimi nasema, "Kuna watu humu ng'ombe wao ndio huwaamsha." Watu wanacheka, mhubiri anafurahi, anadhani ni yeye. Mmoja alinishika bega baada ya ibada akaniambia, "Ukisimama kando yangu nasikia upako." Nikamwambia ni jasho, pasta.

Mtu akikuambia baba yako aliteleza siku moja, mkatalie. Sikuteleza. Nilizoea. Kila Jumapili nilitia chumvi yangu katika chakula cha mtu mwingine. Kikisifiwa, najua mwenyewe mkono ni wa nani. Kikimchoma mtu, mpishi ni yule mgeni, na mgeni ameshapanda gari kwenda kwao. Hakuna kitu kinachoharibu ulimi kama kupata nafasi ya kusema makali kwa jina la mwingine.

Basi kaka yangu Okelo akafa. Huyo ndiye baba yako mkubwa, ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Akamwacha Dorka na nyumba, na hakuna mtoto aliyesalia. Mila unaijua. Mjane wa mkubwa huingiliwa nyumba na ndugu wa marehemu, ndipo mambo ya boma yaendelee. Na kwenye kupanda, nyumba ya mkubwa hutangulia. Sisi wadogo hatugusi mbegu mpaka yeye atie yake, na yeye hatii mpaka apate mwanamume. Mvua ikaja, na boma zima likakaa na jembe mkononi likimngoja Dorka akubali. Aliyechaguliwa ni mimi.

Usicheke. Wakati huo nilikuwa na meno yote.

Kanisani nilikuwa natafsiri kwa nguvu kwamba chira, ile laana ya kuvunja mila, haimpati mtu aliyeokoka. Nyumbani sikuthubutu kutupa hata punje moja ya mtama. Wazee waliponituma kwa Dorka nilikataa kidogo, kiasi cha kusikika tu. Nikajiambia, nitatundika koti langu kwake kama ishara kwamba nyumba imepata mwanamume, watu walione, tupande, yaishe. Nikaenda jua likiwa bado juu, koti begani. Dorka alikuwa mlangoni anachagua mbegu.

"Karibu, shemeji. Koti la nini na joto hili?"

"Nimekuja kulitundika hapa."

"Misumari yote ina vitu."

"Ni mila tu, shemeji. Hata viatu sitavua."

"Basi kaa nalo." Akaendelea kutupa mbegu mbovu kando. "Mimi nimemwambia Mungu nitakaa hivi hivi. Na wewe mwenyewe ulinitafsiria juzi kwamba inawezekana. Au mhubiri alisema kingine?"

Nikarudi na koti langu, nikilivusha katikati ya boma, watu wote wamekaa nje wanatazama mawingu. Kesho yake Dorka akatoka peke yake akapanda shamba lake. Hakuugua. Mahindi yakaota. Na sisi tukapanda nyuma yake, maana njaa haina subira ya mila, tukijifanya hatujui ni nani aliyetutangulia.

Vijana waliokuwa wakileta samaki kutoka Muhuru Bay walikuwa wakipita kwangu na baiskeli zao, kila siku swali moja, kwa heshima kabisa. "Mzee, umepata msumari?"

Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka. Lakini kitu kile kilikaa ndani kama mwiba wa samaki kooni, ule ambao hata ukimeza ugali hautoki.

Ndipo akaja yule mhubiri, mtu mpole, mwembamba, Kiswahili chake kama maji. Kanisa likajaa. Akafika kwenye wajane. Maneno yake nayajua kama ninavyojua jina langu: "Mjane anayemtumaini Mungu, mlango wake una mlinzi." Akaningoja nitafsiri. Nikamwona Dorka katika benchi la mbele la wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Nikawaona na wale vijana wa samaki, wamesimama nyuma. Nikangoja kidogo. Nikasema kwa Kijaluo, "Mjane anayewafungia mlango ndugu za mume wake, mjue kuna mwingine anayefunguliwa."

Kanisa likavuta pumzi. Halafu kikaja kile kicheko cha kanisani, cha kufunika mdomo. Vichwa vikamgeukia Dorka, kimoja kimoja. Mhubiri, maskini, akaona watu wameguswa. Akainua mkono, akasema neno limewaingia, waseme amina. Hiyo nikaitafsiri sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Na kanisa zima likasema amina.

Sasa sikia. Dorka alijua Kiswahili kuliko mimi, alikuwa amekaa na Okelo kwenye kazi Kisumu. Alisikia yote mawili, la mhubiri na la kwangu. Akasimama. Nikajua nimekwisha, angesema neno moja tu kwa yule mgeni, ningetolewa nje na Biblia yangu. Akamtazama mhubiri, akasema taratibu, "Asante, pasta. Nimelisikia ulilolisema wewe." Akakaa. Wala hakutoka. Alikaa mpaka sala ya mwisho, akaimba na wimbo.

Nimetafsiri mahubiri mengi juu ya ulimi, Akoth. Ulimi ni moto, ulimi ni usukani, ulimi ni hiki na kile, na mimi nikiongeza ya kwangu. Hakuna hata moja ninalolikumbuka. Ninachokumbuka ni kile kitambaa cheupe kikishuka tena kwenye benchi.

Tukiwa njiani kurudi, tulipovuka kijito mama yako akapunguza mwendo. Wewe umelala mgongoni mwake.

"Mhubiri hakusema hivyo," akasema.

"Tafsiri ni tafsiri, Mama Akoth."

"Mimi si Mjaluo, Baba Akoth. Lakini si kiziwi."

Hajalitaja tena mpaka leo. Na mimi simlaumu. Alikuwa ametoka kwao Kehancha juzi tu, amekaa katika boma la watu waliokuwa wakimpima hata namna anavyokoroga ugali. Angeanzaje kuwaambia kwamba mume wake amedanganya madhabahuni? Lakini nataka uone jambo hili, maana kanisani hutaambiwa. Kimya cha Boke kilinifaa mimi sana, na Dorka hakikumfaa hata kidogo. Watu hudhani kuutawala ulimi ni kuufunga. Ng'ombe wa kulimia hafungwi zizini mwaka mzima. Akifungwa tu, mtakula nini? Hutiwa nira, akavuta pale palipopimwa. Ulimi wangu ulitoroka siku ya kufungwa, na siku ya kulima ukalala. Makosa ni mawili, na la pili ndilo refu.

Maana yale maneno hayakunihitaji tena. Yalikuwa yamepewa amina. Mtu akimtetea Dorka anaulizwa, wewe unajua kuliko mtumishi wa Mungu? Wanawake wakaacha kwenda kumsaidia kukandika nyumba. Mwaka wa mvua kubwa paa lake likavuja, na hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana juu ya paa la mjane yule. Halafu mtu akasema ameona baiskeli kwenye ua wake wakati wa magharibi. Ikasemwa kijiji kizima. Baiskeli hiyo, Akoth, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwenda kuchungulia kama kweli kuna mtu. Nilikuwa nimeanza kuuamini uongo nilioutunga mwenyewe.

Dorka hakugombana. Siku moja alifunga mzigo akaenda Homa Bay, akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, zinazoletwa kutoka kisiwa cha Remba. Shamba lake ndilo lile tunalopanda mihogo. Umekula kutoka pale tangu uote meno. Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilikuwa najua, na nilikula nikashiba.

Nilijaribu mara moja. Nilikwenda Homa Bay kwa matanga ya mtu tuliyefanya naye kazi ya malori, nikashuka mpaka ufukweni kwa wauza omena. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, mazuri kabisa, hata mhubiri angeyaazima. Nikamkuta anageuza omena juu ya wavu.

"Shemeji," nikasema, "omena zako zinanuka mpaka Migori."

Unaona? Mbuzi yule.

"Basi umefuata harufu, hukunifuata mimi," akasema, hakuinua kichwa. Halafu akanyoosha mgongo. Amezeeka vizuri. "Watu wa nyumbani wamepanda?"

"Wamepanda."

"Vizuri."

Nikasema, "Shemeji, siku ile kanisani..." Akasimama akaningoja, mikono imejaa magamba, uso umetulia. Alikuwa tayari kusikia. Hapo akaja mteja akauliza bei. Ningeweza kumngoja yule mteja aondoke. Badala yake nilimshukuru moyoni, nikajifanya nina haraka. Dorka akanipimia kopo moja la gorogoro nimletee mama yako, akaongeza juu yake viganja viwili, akakataa malipo. Nilizibeba mpaka nyumbani, zikaliwa, mkazisifu.

Na kwake unakwenda kesho kwa sababu mama yako, si mimi, alimtumia salamu na mwanamke mmoja mfanyabiashara, kwamba mtoto amepata kazi ya kuandika kadi pale zahanati na hana pa kulala. Majibu yalirudi siku ya soko: "Aje. Kitanda kipo. Aje na mto wake, mimi nina mmoja." Ni hayo tu. Mtu niliyemfukuza nyumbani kwa kinywa anakufungulia mlango wake, na wewe unaenda na yale maneno yangu mdomoni, moto moto, unayafanyia mazoezi jikoni.

Kazi yenyewe pia nimeifikiria. Utakaa dirishani, watu watakuja wamekonda, watakuambia majina yao na kinachowauma. Siku hizi mazishi ni mengi, na kila mtu amekuwa daktari wa marehemu. Huyu ni chira, huyu ni mke wake, huyu ni ile kitu ya mjini. Wewe utakuwa unajua ukweli zaidi kidogo kuliko wao, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu unajua kuchekesha. Mtu asiye na kipaji akisengenya, maneno yake yanakufa siku ile ile. Yako yataishi. Nakuambia hivyo bila fahari. Ya kwangu yanaishi, na mimi nimebakiza meno manne. Sikuambii usiseme mizaha. Utakufa. Ila ukishaona mzaha umekuja tayari ulimini, umeiva, mtazame kwanza yule atakayeulipia. Kama hayumo katika kucheka, umeze.

Sasa la mwisho. Leo asubuhi nilikwenda kwa mzee wa kanisa, yule tunayecheza naye bao, nikamwomba nafasi Jumapili hii.

"Ushuhuda wa nini?" akaniuliza. "Mgongo umepona?"

"Mgongo bado. Nataka kurekebisha tafsiri."

"Ya lini?"

"Ya zamani kidogo."

"Mzee, tafsiri ya zamani nani anaikumbuka?"

"Wewe. Uliisema juzi kwenye harusi, watu wakacheka."

Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe, isipokuwa ya baiskeli. Hiyo nilimwonea haya. Akasema, "Achana nayo. Mwenyewe yuko mbali na hajalalamika. Ukiyasema sasa, watu watauliza ni mahubiri mangapi mengine uliyotia mkono. Utaliangusha kanisa."

Nikamwambia hilo ni swali zuri, jibu lake sina.

"Nafasi sikupi," akasema.

Basi nitasimama wakati wa matangazo. Wakimaliza kutangaza nani amepoteza ndama na lini kuna usafi, nitanyanyuka. Nitasema pale pale niliposema, kwa Kijaluo kile kile, mbele ya walioitikia amina na watoto wao. Shamba pia nitalitaja ni la nani, ili mtu asijidanganye kwamba Dorka alikwenda kwa hiari. Halafu nitapanda gari nije Homa Bay, na safari hii hata akija mteja wa gunia zima nitamngoja aondoke.

Huku nyumbani itakuwa aibu, na barua zitakufikia. Binamu zako watakuandikia kwamba baba yako amerukwa na akili mbele ya kanisa. Usinitetee. Usiseme nilikuwa kijana, usiseme ni mila, wala usiseme niliponzwa na wale wauza samaki. Wakikuuliza kama ni kweli, waambie ni kweli.

Na kwa Dorka, sikutumi. Nataka uelewe hapo, kwa sababu najua moyo wako. Utafika umejaa huruma, utataka kumpigia magoti mlangoni kabla hujatua mzigo. Acha. Usimwombe radhi kwa jina langu. Maisha yangu yote nimesema kwa midomo ya watu wengine, na mtu mwingine hatanisemea hili. Wala usimwahidi kwamba nakuja, maana miguu yangu unaijua, inaweza kufika stendi ikakumbuka kazi nyumbani, na wewe utakuwa umemdanganya mtu aliyekupa kitanda.

Mwamkie. Pokea maji, kula anachokupa. Geuza naye omena, hata ukinuka. Akikuuliza watu wa nyumbani hawajambo, mwambie hawajambo. Akikuuliza mimi nimesemaje, mwambie bado sijasema.

Baba yako.